Kupiga Picha za Wanyamapori Kaskazini ya Mbali na Kuishi kwa Kazi Hiyo: Varanger, Misitu ya Ufini na Svalbard

Chukua kamera yenye sensa ya upana wa milimita 36, uifunge lenzi ya milimita 600, kisha usimame mita 300 kutoka kwa dubu mweupe aliyekupa ubavu. Mwili wake wa mita mbili na ushei utachukua kama asilimia 12 ya upana wa picha. Rudi nyuma hadi mita 500, atabaki asilimia 7. Mita hizo ni za kisheria. Tangu tarehe 1 Januari 2025, kila mtu aliyeko Svalbard, visiwa vya Norwei vya kaskazini kabisa, anatakiwa kukaa angalau mita 500 kutoka kwa dubu kuanzia 1 Machi hadi 30 Juni, na mita 300 miezi iliyobaki. Ukigundua uko karibu zaidi ya hapo, unaondoka, hata kama dubu ndiye aliyekufuata.

Maana yake kwa anayetaka kuifanya kazi hii ni kwamba sura ya dubu iliyojaa fremu nzima, ile iliyouza kalenda kwa miaka mingi, si tena bidhaa ya kuifuata huko. Kinacholipa ni kujua kumweka mnyama mdogo ndani ya nchi kubwa, kujua atapita wapi kabla hajapita, na kujua kuwafikisha wengine mahali hapo wakiwa salama. Mwongozo huu unafuata mpangilio huo: fedha na karatasi kwanza, baridi na kamera katikati, maeneo matatu kutoka la bei nafuu hadi la ghali, kisha namna ya kuuza.

1. Jua fedha inatoka wapi

Usijidanganye na akaunti za mitandaoni. Wengi wanaoishi kwa kupiga picha za wanyama wa kaskazini hawaishi kwa kuuza picha. Wanaongoza vikundi vya wapigapicha, wanafanya kazi kwenye meli za safari za barafuni, wanakodisha vibanda vya kuvizia, wanafundisha, au wana mshahara mwingine kabisa. Audun Rikardsen, mmoja wa wapigapicha wanaojulikana sana wa Norwei ya kaskazini, ni profesa wa biolojia mjini Tromsø. Paul Nicklen wa Kanada alikuwa mwanabiolojia kabla ya kushika kamera kama kazi. Ujuzi wa mnyama ulitangulia, picha zikafuata.

Kwa hiyo panga miaka mitatu ya kwanza hivi: mwaka wa kwanza ni wa kujenga mkoba wa picha, na utaugharimia mwenyewe. Mwaka wa pili tafuta kazi ya usaidizi kwa anayeongoza vikundi. Wa tatu, ongoza kikundi chako kidogo. Mauzo ya picha yahesabu kama bakshishi. Yakija, nunua betri.

Mtu aliyewahi kuendesha gari la watalii Serengeti au Maasai Mara ana mtaji ambao Mzungu wa Oslo hana. Anajua kusoma sikio la mnyama, anajua kuliweka gari upande wa jua, na anajua kumtuliza mgeni anayetaka kusogezwa karibu zaidi. Ujuzi huo ndio unaonunuliwa kaskazini. Kamera kila mtu anayo.

2. Anzia pwani, kama uko Afrika Mashariki

Kuna kazi unayoweza kuianza kabla ya kulipa nauli. Ndege wadogo wa ufukweni wanaojaa Mida Creek karibu na Watamu, na kwenye delta ya Rufiji, kuanzia Septemba hadi Aprili, wengi wao huzaliana Aktiki. *Calidris ferruginea*, mwenye mdomo mrefu uliopinda, hutaga kwenye tundra, yaani nyika ya baridi isiyo na miti, ya Siberia. *Arenaria interpres*, yule anayepindua mawe na mwani akitafuta wadudu, hupatikana kiangazi Varanger na Svalbard. *Calidris minuta*, mdogo kuliko wote, hutaga hadi kaskazini mwa Norwei.

Wapige Januari wakiwa na rangi ya kijivu. Warudie mwishoni mwa Aprili, wanapokuwa wamenenepa na *ferruginea* amegeuka rangi ya matofali tayari kwa safari. Kisha piga *interpres* na *minuta* Juni kwenye tundra, kiotani kwa mbali, jua la usiku wa manane likiwaka. Hadithi ya ncha mbili namna hiyo mhariri haletewi kila siku, na nusu yake umeipiga kwa nauli ya matatu. Ila usiandike kwamba ni ndege yule yule, isipokuwa ana pete yenye namba uliyoisoma pande zote mbili. Andika ni spishi ile ile, basi.

3. Karatasi: viza, ushuru, bima

Hapa ndipo safari nyingi huvunjika, na kosa la kawaida ni moja. Svalbard iko chini ya Norwei kwa mkataba uliosainiwa Paris tarehe 9 Februari 1920, lakini iko nje ya Schengen, eneo la nchi za Ulaya zinazotumia viza moja. Svalbard yenyewe haidai viza kwa mtu wa taifa lolote. Kufika huko, hata hivyo, utapitia Oslo au Tromsø, na kutoka huko utaingia Schengen upya. Mwenye pasipoti ya Kenya, Tanzania, Uganda au Kongo akiomba viza ya kuingia mara moja, ataruhusiwa kwenda na kukwama wakati wa kurudi. Omba viza ya kuingia mara mbili au zaidi, na ueleze sababu kwenye barua ya maombi.

Viza ya utalii haikuruhusu kufanya kazi ya kulipwa Norwei bara wala Ufini, na kuongoza wateja wanaokulipa ni kazi. Svalbard haihitaji kibali cha kazi, lakini lazima uweze kujikimu mwenyewe. Hakuna msaada wa ustawi wa jamii, na Sysselmesteren, yaani mkuu wa serikali huko, ana mamlaka ya kumwondoa asiyejiweza. Nyumba nyingi Longyearbyen, mji mkubwa wa huko, zinamilikiwa na waajiri. Ukipata kazi bila nyumba, bado hujapata kazi. Na miaka utakayokaa huko haihesabiwi ukiomba ukaazi wa kudumu Norwei.

Njia ya shule ipo pia. Longyearbyen kuna kozi ya mwaka mmoja ya waongoza wageni wa Aktiki, inayotolewa na Chuo Kikuu cha Tromsø kwa kushirikiana na UNIS, kituo cha chuo kikuu cha Svalbard. Tangu 2023 wanafunzi wa nje ya Ulaya hulipa ada Norwei, basi weka hesabu hiyo. Kwa meli, waajiri hudai cheti cha usalama wa msingi cha STCW, mkataba wa kimataifa wa mafunzo ya mabaharia, na cheti cha daktari cha mabaharia. AECO, umoja wa kampuni za meli za safari za Aktiki, wana miongozo ya wanyama na mtihani wa mtandaoni kwa wafanyakazi wa nyanjani. Ufanye mapema. Ni kitu kidogo kinachoipandisha barua yako ya maombi juu ya rundo.

Vifaa: andika orodha ya kila kamera na lenzi pamoja na namba zake, ambatisha risiti, na umwonyeshe afisa wa forodha uwanjani kabla ya kuondoka ili aigonge muhuri. Usipofanya hivyo, unaweza kudaiwa ushuru wa kamera yako mwenyewe ukirudi. Bima iandikwe waziwazi kwamba inagharimia uokoaji na kusafirishwa kwa ndege. Hospitali ya Longyearbyen ni ndogo, na mgonjwa mzito hupelekwa Tromsø.

4. Baridi na kamera

Betri kwanza. Kwenye nyuzi -20 betri ya lithiamu inaweza kupoteza karibu nusu ya uwezo wake. Haijafa, imeganda tu, na ikipashwa joto hurudi. Beba nne kwa kila kamera. Moja ndani ya kamera, tatu kwenye mfuko wa shati la ndani, karibu na kifua. Zizungushe kabla hazijaisha: ikishuka hadi asilimia 30, ibadilishe na uirudishe kifuani. Vifuko vya kemikali vya kupasha mikono husaidia, lakini vinahitaji hewa, hivyo ukivifungia ndani ya mfuko usiopitisha hewa vitazimika.

Umande ndio unaoua kamera, kuliko baridi yenyewe. Kamera iliyoganda ikiingia chumba chenye joto, mvuke wa chumba hugeuka maji juu ya kioo na, kibaya zaidi, ndani yake kwenye nyaya. Fanya hivi kila siku, hata ukiwa umechoka:

- Ukiwa bado nje, toa kadi na betri. Kazi ya jioni utaifanyia kadi, kamera hutaihitaji.
- Tia kamera na lenzi kwenye mfuko wa plastiki mzito, minya hewa yote itoke, funga.
- Weka mfuko ndani ya begi la kamera, vuta zipu, liache kwenye baraza au korido isiyo na joto.
- Subiri saa mbili hadi tatu. Lenzi kubwa ya kilo tatu, subiri saa nne au iache hadi asubuhi.

Kinyume chake nacho kina hila yake, na hiki wengi hawakijui. Lenzi iliyotoka kwenye joto ikipelekwa nje ghafla, hewa vuguvugu hutikisika mbele ya kioo na ndani ya kofia ya lenzi, ile ya kukinga jua. Picha zote hutoka laini, kama zimepakwa mafuta, ingawa fokasi ilikuwa sahihi. Watu wamepeleka lenzi kwa fundi kwa sababu hiyo, fundi akawarudishia akisema nzima. Itoe lenzi nje nusu saa kabla, na uvue kofia yake ipoe haraka. Ukipigia picha ndani ya gari, zima hita na injini, fungua vioo vyote, subiri dakika 15 hadi 20. Kupitia dirisha lililofunguliwa kidogo huku hita ikinguruma, hutapata picha hata moja kali. Mtikisiko huo huo hutokea juu ya barafu na maji siku ya jua, na kwa mita 300 au 500 hakuna lenzi ya bei yoyote inayoushinda. Siku hiyo piga mandhari, au subiri wingu.

Pumzi yako hugeuka sakitu kwenye kitazamio, na ukiifuta kwa kidole unaipaka. Pumulia pembeni, au toa pumzi baada ya kuishusha kamera. Theluji kavu juu ya lenzi ipanguse kwa brashi ya rangi ya inchi mbili, isiyotumika. Usiipulize kwa mdomo, maana pumzi itaiyeyusha, kisha itaganda upya kama gundi. Tripodi iwe ya kaboni. Ya chuma huuma vidole, na ngozi yenye unyevu hunata. Kichwa cha tripodi chenye grisi nzito hukakamaa, basi kijaribu nyumbani kwa kukilaza kwenye friza usiku mmoja kabla ya kukiamini.

Mwilini: nguo ya ndani ya sufu, juu yake flisi, juu yake koti la manyoya laini ya bata, juu kabisa gamba la kuzuia upepo. Pamba hapana, kwa sababu hunywa jasho na jasho hilo huganda. Jozi mbili za glavu, nyembamba ya sufu ya kubonyezea kamera, na juu yake mfuko mnene wa vidole vyote pamoja, wenye kamba ya shingoni upepo usiubebe. Buti ziwe kubwa kuliko mguu, kwa sababu mguu uliobanwa haupitishi damu na utaganda hata ndani ya soksi tatu. Ngozi ya pua au shavu ikigeuka nyeupe kama nta, funika kwa kiganja kikavu mpaka rangi irudi. Usiisugue kwa theluji, hata kama mzee fulani amekuambia.

5. Mipangilio ya kamera kwenye nchi nyeupe

Kamera hudhani kila kitu duniani ni kijivu. Ukiielekeza kwenye theluji, itaitia giza mpaka ifanane na saruji. Ongeza mwanga kati ya +1 na +1.7. Lakini usiishie hapo. Mnyama akikaribia na kujaza fremu, kipimo cha kamera kitayumba tena, kwa hiyo ni afadhali kuweka kila kitu kwa mkono. Pima theluji iliyo kwenye mwanga, ongeza mpaka tahadhari ya weupe ianze kumweka, rudisha theluthi moja ya hatua, kisha acha. Mwanga usipobadilika, usiguse tena. Manyoya ya dubu si meupe, ni rangi ya malai, na kwa mpangilio huo yatajitofautisha na theluji yenyewe bila kuyalazimisha kwenye kompyuta.

Kasi ya shata: mbweha anayekimbia taratibu, 1/1250 ya sekunde. Pafini, ndege wa baharini mwenye mdomo wa rangi, akiruka, 1/3200, maana ni mdogo, mzito, na hupiga mabawa kama feni. Ukiwa kwenye boti, usishuke chini ya 1/2000 hata mnyama akiwa amelala, kwa sababu wewe ndiye unayetikisika. Theluji ikianguka, fokasi otomatiki hudaka chembe za theluji badala ya jicho la mnyama. Tumia eneo dogo la fokasi na uipunguzie wepesi wa kuhamia kitu kipya. Piga faili za RAW, yaani picha ghafi ambazo kamera haijazichakata. Mashindano makubwa huziomba kuthibitisha, na buluu ya kivuli cha theluji utaiamulia baadaye. Usiifute yote. Buluu hiyo ni ya kweli.

6. Maeneo matatu, kwa mpangilio wa mfuko

*Varanger, Norwei, karibu na latitudo 70.* Hapa ndipo pa kuanzia. Gari la kukodi, nyumba ya kupangishana watu watatu, na ndege wengi karibu. Kutoka bandari ya Vardø boti hukuvusha kwa dakika chache hadi kisiwa cha Hornøya, chenye pafini na ndege wengine wa majabali. Machi na mwanzo wa Aprili utawapata kwenye theluji. Mwishoni mwa Juni na Julai utawapata na samaki midomoni. Njia ya watalii inapita karibu sana na viota, kwa hiyo lenzi ya 70–200 inatosha, na ya upana itakupa picha bora zaidi. Usitoke nje ya njia. Mafua ya ndege yakizuka, kisiwa hufungwa, hivyo ulizia kabla ya kulipia nauli.

Båtsfjord, Machi, kuna kibanda cha kuvizia kinachoelea bandarini kwa ajili ya bata wa baharini wa Aktiki. Unaingia gizani na kukaa usawa wa maji. Kosa la wageni ni kuleta lenzi ndefu tu. Bata hufika mita chache, na lenzi ya 600 haiwezi hata kuwafokasi.

*Kuhmo na Kuusamo, mashariki mwa Ufini, upande wa mpaka wa Urusi.* Hapa ni dubu wa kahawia, mbwa mwitu mara chache, na wolverini, mla nyama mnene wa jamii ya kicheche. Msimu ni kuanzia dubu wanapotoka pangoni mwezi wa Aprili hadi Septemba. Unaingia kibandani alasiri, mlango unafungwa, na hutoki hadi asubuhi. Choo ni ndoo. Marashi, sabuni ya harufu na chipsi za kutafuna kwa kelele viache hotelini. Kaa na mfuko wa kulalia, maana hata Juni usiku ni baridi. Usiku wa kiangazi hauna giza kamili, lakini saa sita usiku utakuwa ISO (usikivu wa kamera kwa mwanga) 3200 hadi 6400, hivyo lenzi yenye uwazi mpana wa f/2.8 ya milimita 200 hadi 400 ina thamani kuliko ndefu yenye f/6.3.

Vibanda hivi huweka chambo, samaki au mizoga. Hilo liseme kwenye maelezo ya picha na kwenye fomu ya shindano. Mpigapicha aliyeficha chambo akigundulika, hakuna mhariri atakayefungua barua pepe yake tena. Maoni yetu: kibanda ni shule nzuri ya mwanga na tabia za mnyama, lakini mkoba uliojaa picha za kibandani tu unafanana na mikoba mingine mia. Lala siku tatu kibandani, kisha siku tatu tembea bila chambo.

*Svalbard, latitudo 74 hadi 81.* Hii iwe ya tatu, na usiende kwa pupa. Longyearbyen jua huzama mwishoni mwa Oktoba na halionekani hadi katikati ya Februari. Mjini penyewe, kwa sababu ya milima, hufika tarehe 8 Machi. Kuanzia takriban 20 Aprili hadi karibu 23 Agosti halizami. Hesabu mwanga wako kwa tarehe hizo. Machi na Aprili ni mwanga wa chini, theluji safi na pikipiki za theluji. Juni hadi Agosti ni meli. Aprili ndiyo yenye mwanga mzuri kuliko yote. Ndiyo pia yenye mita 500 za dubu, na hapo huna njia ya mkato.

Nje ya mji lazima uwe na njia ya kumtisha dubu, na ushauri wa serikali ni bunduki pia. Asiye na leseni huomba kibali kwa Sysselmesteren kabla ya kukodi. Kama hujui bunduki, lipa kiongozi. Huu si mzaha wala ushujaa: dubu anayeuawa kwa kujihami hufunguliwa jalada la uchunguzi, na kosa likionekana lako utashtakiwa. Kumtafuta, kumfuata au kumvuta dubu kwa namna inayomsumbua au kuleta hatari ni marufuku kwa sheria ya mazingira ya Svalbard, na marufuku hiyo haina umbali.

Wakati huo huo, kuna wanyama unaoweza kuwafanyia kazi bila kutumia akiba ya mwaka. Reinidia wa Svalbard, kulungu wa kaskazini, wafupi wa miguu na wanene, hutembea mjini kati ya nyumba. Juni bata wa baharini hutaga karibu na mabanda ya mbwa nje kidogo ya Longyearbyen, kwa sababu mbweha huwaogopa mbwa. Hiyo ni picha yenye hadithi ndani yake, na unaweza kuipiga ukiwa barabarani. Membe wa Aktiki atakushambulia kichwani ukipita karibu na kiota. Inua mkono au fimbo juu ya kichwa, maana hupiga kilicho juu zaidi, kisha ondoka. Amekuambia uko karibu mno.

Kwa meli, chagua idadi ya watu kabla ya kuchagua kabati. Maeneo yaliyohifadhiwa hayaruhusu meli zaidi ya abiria 200, na kushuka nchi kavu humo kumebaki kwenye sehemu 43 zilizotajwa. Meli ya watu 12 hugharimu zaidi kwa kichwa, lakini nahodha anaweza kuzima injini na kungoja saa tatu. Karibu na majabali ya ndege, kama Alkefjellet, kuanzia 1 Aprili hadi 31 Agosti boti zinatakiwa kwenda noti 5 (maili 5 za baharini kwa saa) au chini ya hapo ndani ya mita 500. Mwendo huo ni mzuri kwa mpigapicha pia, usilalamike.

Droni iache nyumbani. Mji wa Longyearbyen wote karibu umo ndani ya kilomita 5 za uwanja wa ndege, ambamo ni marufuku, na maeneo yaliyohifadhiwa nayo yamefungwa. Ukifika Ny-Ålesund, zima waifai na blutuzi za kamera, simu na saa. Ndani ya kilomita 20 masafa ya gigahezi 2 hadi 32 yamekatazwa kwa sababu ya vyombo vya utafiti.

7. Kuuza

Mkoba wa kwanza uwe na picha 20, zisizidi. Kati ya hizo, angalau nane mnyama awe chini ya robo ya fremu. Mwaka 2024 Nima Sarikhani, Mwingereza ambaye si mpigapicha wa kulipwa, alishinda kura ya watu katika shindano la Wildlife Photographer of the Year kwa picha ya dubu mchanga aliyelala kwenye siwa barafu karibu na Svalbard. Ukitoa barafu ile, hakuna picha.

Kila faili iandikiwe jina la kisayansi, mahali, tarehe, umbali wa kukadiria, na kama kulikuwa na chambo au kibanda. Mhariri hana muda wa kukuuliza. Nakala za picha ziwe tatu: diski mbili zisizokaa begi moja, na moja mtandaoni ukipata intaneti ya kutosha.

Ukianza kuongoza kikundi, piga hesabu hii kabla ya kutangaza bei. Tuseme unachukua wateja sita, na gharama za pamoja, yaani gari, nyumba, vibanda na chakula chako, ni euro 6,000. Ukigawa kwa sita, kila mmoja anabeba 1,000. Mmoja akijitoa wiki mbili kabla, pengo lake la 1,000 ni lako. Kwa hiyo gawa gharama kwa wanne, na uwachukue sita. Wawili wa juu ndio mshahara wako, na ndio bima yako. Chukua amana isiyorudishwa ya asilimia 30 siku ya kujiandikisha, na iliyobaki siku 60 kabla.

Usiuze malazi na usafiri pamoja kwa jina lako kabla ya kuuliza sheria. Ulaya, anayeuza safari ya kifurushi lazima awe na dhamana ya kuwarudishia wateja fedha, na Norwei jambo hilo liko chini ya Reisegarantifondet. Njia rahisi kwa mgeni ni kushirikiana na kampuni ya huko yenye dhamana. Wao wanauza kifurushi, wewe unalipwa kwa siku kama mkufunzi wa picha. Mkataba uandikwe nani analipia ndege zikiahirishwa. Machi zitaahirishwa.

Barua ya kwanza ya kuomba usaidizi kwa kiongozi wa vikundi iandikwe Agosti au Septemba, anapopanga msimu wa Machi. Iwe ya aya tatu: unachojua kuhusu wanyama, leseni na vyeti ulivyonavyo, na wiki ulizo huru. Weka picha tano. Ukiandika Februari, nafasi ya gari imeshajaa.